Alilia gerezani, tukamsikia Uvira: wamama wasoma «Sauti ya Dhiki»



Tangu miezi mitatu, kila Siku ya Posho mangaribi, wamama kumi na wanne wa shirika letu hapa Uvira wanakutana nyuma ya chumba cha kushona, wengine kwenye mikeka, wengine kwenye viti vya kuazima. Kwanza tunahesabu likelemba. Kisha tunafunga kaye ya hesabu na kufungua kitabu. Kitabu ni kimoja tu, kimezeeka, na jalada lake limeshikwa kwa gundi. Kilivuka ziwa kutoka Kigoma katika mzigo wa ndugu mmoja mfanyabiashara. Jina lake ni «Sauti ya Dhiki», mashairi ya Abdilatif Abdalla wa Mombasa.

Wengi wenu mmetusimamisha njiani mkatuuliza: wamama wenye shida ya unga na minervali wanatafuta nini katika mashairi? Tena mashairi ya huzuni, kana kwamba huzuni yetu haitoshi? Leo tunawajibu. Hatukuja kukisifu kitabu tu. Tutawaambia wamama walisikia nini ndani yake, walikataa nini, na kosa ambalo sisi tunaoongoza usomaji tulilifanya.

Kitabu hiki kilizaliwa wapi

Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa, nchini Kenya, mwaka 1946. Mwaka 1968, akiwa kijana wa miaka 22, aliandika karatasi ya siasa yenye kichwa «Kenya: Twendapi?». Nchi yake ilikuwa imepata uhuru miaka mitano tu iliyopita, naye aliuliza inaelekea wapi. Kwa swali hilo alikamatwa na kuhukumiwa. Alikaa gerezani miaka mitatu, tangu 1969 mpaka 1972, na muda mwingi alifungiwa peke yake. Hakuwa na ruhusa ya kuandika. Aliandika hata hivyo, kwenye karatasi za choo, na mashairi yakatolewa nje kwa siri. Mwaka 1973 yakachapishwa kuwa kitabu. Mwaka uliofuata kitabu hicho kikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga mwandishi.

Tulipoeleza habari ya karatasi za choo, wamama walicheka kwanza. Halafu mmoja wao, aliyetoka milimani na watoto wanne, akasema polepole: «Siku ya kukimbia, niliandika kwa biki ndani ya shati ya kila mutoto: jina lake, jina langu, jina la kijiji. Nilisema, akipotea, mutu atasoma. Kila mutu anaandika pale anapata.»

Baada ya neno lile hakuna aliyeuliza tena kama mashairi ni mambo ya watu wenye nafasi.

«Kumbe na wao wana Kiswahili chao!»

Shida ya kwanza ilikuwa lugha. Mshairi anatumia Kiswahili cha Mombasa, Kimvita. Pale tunaposema macho, Kimvita kinasema «mato». Njia ni «ndia», nchi ni «nti», kichwa ni «kitwa». Mara ya kwanza tulisimama karibu kila mstari. Sisi wenyewe, pamoja na diploma yetu ya ualimu, tulikwama mara nyingi. Kwenye masomo tulikariri mashairi ya Kifaransa, na Kiswahili chetu tulikipata nyumbani na sokoni.

Tuliogopa wamama watachoka. Lakini walifurahi. Sisi tunaosema «mayi» na «batoto» tumezoea kuambiwa na wageni kwamba Kiswahili chetu kimevunjika. Sasa hapa kuna mshairi mkubwa, mwenye tuzo, anayeandika kama watu wa kwao wanavyosema, bila kuomba ruhusa. Koko mmoja wa Kalundu akapiga makofi: «Kumbe na wao wana Kiswahili chao! Basi na sisi cha kwetu si kosa.»

Tulitafuta njia ya kusoma. Zaidi ya nusu ya wamama wa kundi hawasomi bado, au wanasoma kwa shida. Kwa hiyo mmoja anasoma kwa sauti, mara mbili, na wengine wanasikiliza. Mashairi mengi ya kitabu hiki yamepangwa kwa mizani, silabi nane upande huu na nane upande ule, na vina vinavyorudi. Sikio linashika upesi. Wamama wasiojua herufi moja walikuwa wa kwanza kukumbuka beti nzima, kwa sababu wamezoea kushika nyimbo za kazi na za maombolezo bila daftari. Wale tuliosoma ndio tulihitaji kuangalia karatasi.

Mamba wa Mulongwe

Shairi la kwanza lililoleta mabishano ni «Mamba». Linasema juu ya mamba anayejivunia nguvu zake mtoni, akisahau kwamba hata yeye ana siku yake. Walimu wa fasihi hulieleza kama fumbo la mtawala mwenye kiburi, na ukijua mwandishi alikuwa wapi alipoliandika, maelezo hayo ni ya haki.

Lakini mama mmoja anayeishi karibu na Mulongwe hakumsikia mtawala. Aliusikia mto. Wote mnakumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika usiku na kubeba watu na nyumba. Mama huyu alipoteza kila kitu chake, na jirani aliyekuwa kama dada yake hakuonekana tena. Akasema: «Mamba ni ule mto. Ulikula, ukashiba, leo unapita chini umetulia kama haukufanya kitu.»

Sisi, kwa mazoea ya ubao na chaki, tukamsahihisha. «Hapana, mama. Mshairi anataka kusema juu ya wakubwa wa serikali.»

Akatuangalia bila hasira. «Madamu, wewe ulisoma. Mimi nilikuwa pale.»

Tulinyamaza. Hakuwa anabishana na mshairi. Alikuwa amepata, kwa mara ya kwanza tangu 2020, neno la kuuita mto ule, na sisi tulitaka kumnyang'anya neno hilo ili jibu liwe sawa na la kitabu cha mwalimu. Mwanafunzi kwenye masomo anapaswa kujua fumbo la siasa, ndiyo, na sisi tutaendelea kumfundisha. Lakini mama yule hakuja kufanya mtihani.

Yeye alichagua, mimi sikuchagua

Shairi la «Siwati», yaani siachi, liligawa kundi sehemu mbili. Mshairi anasema hataacha ukweli aliouamini, hata kama wanamtesa. Wengi walilipenda. Walisema ni shairi la kusoma asubuhi kabla ya kwenda kukutana na afisa anayetaka hongo.

Mama mmoja aliyefika kutoka Fizi akakataa. «Ninamuhurumia,» akasema, «lakini yeye alichagua kusema, akajua wanaweza kumukamata. Mimi sikusema kitu. Vita vilinikuta ninapalilia mihogo. Yeye ana kitu cha kutoacha. Mimi nimeachishwa yote.»

Mwingine akamjibu kwa ukali kidogo kwamba miaka mitatu katika chumba cha peke yako si mchezo, na kwamba wewe angalau unalala na watoto wako. Maneno yakaanza kupanda. Tulijua mahali yangeishia, kwa sababu tumeyasikia mara nyingi kwenye foleni ya msaada: nani ameteseka zaidi, nani anastahili kulia, nani anyamaze. Ndipo koko wa Kalundu akakata kwa methali: «Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.» Akaongeza: «Hakuna hata mumoja wetu aliyelala ndani ya kaburi la mwenzake.»

Hatukupatanisha wale wawili siku hiyo. Ila tuliandika sentensi ya mama wa Fizi ndani ya kaye ya kundi, kwa sababu ni swali zito kwa kitabu chochote cha dhiki. Kuna mateso yanayokupata kwa sababu ulisimama, na kuna mateso yanayokukuta umeinama shambani. Haya ya pili ni ya wengi wetu, na hayapewi tuzo.

Ndugu wawili na mnazi mmoja

Kuna pia «Mnazi: Vuta N'kuvute», majibizano ya ndugu wawili wanaogombania mnazi. Mmoja yuko juu anafaidi matunda, mwingine yuko chini anadai haki yake. Hapo hakukuwa na haja ya kueleza fumbo. Kati ya wamama kumi na wanne, watano ni wajane, na watatu kati ya hao waliondolewa kwenye nyumba au kiwanja na ndugu za mume, mazishi yakiwa bado mapya. Walisikiliza mabishano ya ndugu wale wakitikisa kichwa, wakijua kila hoja kabla haijasomwa.

Kutoka hapo tulitumia Siku ya Posho nzima kuzungumza juu ya sheria. Kanuni ya Familia ya nchi yetu, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamhesabu mjane kati ya warithi. Ndugu za mume hawana ruhusa ya kumfukuza tu kwa sababu wao ni damu. Wengi hawakujua. Mjane mmoja alisema angependa shairi lile lisomwe kwenye kikao cha familia, kwa sababu «mutu ukimuambia sheria anakasirika, lakini ukimuambia hadithi ya mnazi atajiona mwenyewe juu ya muti.»

Na tusifikiri ilikuwa machozi tu. Shairi la «Telezi», linalotumia utelezi wa baada ya mvua kuonyesha nyakati zinazoangusha watu, lilileta kicheko kikubwa. Mama muuza ndagala alieleza namna alivyoteleza na beseni lake kwenye matope mbele ya wateja wake wote, samaki wakatawanyika, na mtu wa kwanza aliyekimbia kumsaidia naye akaanguka juu yake. Alipomaliza kucheka, akasema: «Lakini alikuja. Alianguka, lakini alikuja.» Tumelirudia neno hilo mara nyingi tangu siku ile.

Kosa letu

Sasa tufike kwenye jambo gumu.

Ndani ya kitabu kuna shairi liitwalo «Usiniuwe!». Anayeongea ni mtoto aliye bado tumboni. Anamlilia mama yake asimuue. Tulilichagua bila kufikiri sana. Tulisema: ni kundi la wamama, shairi ni la mama na mtoto, litawagusa. Tukalisoma kwa sauti nzuri, tena tulijivunia usomaji wetu.

Lilipoisha, mama mmoja wa makamo akasema, machozi yakishuka, kwamba lifundishwe kwa wasichana wote wa Uvira. Wengine wakaitikia. Wakati huo mama mmoja kijana, mdogo kuliko wote katika kundi, akafunga mtoto wake mgongoni, akachukua viatu vyake mkononi, akatoka. Hakusema kwaheri. Siku ya Posho iliyofuata hakuja. Ile nyingine pia hakuja.

Habari yake si yetu kuitangaza. Ametupa ruhusa ya kuandika jambo moja tu: kwamba mtoto wake alitoka katika usiku ambao yeye hakuuomba. Alimzaa. Anamnyonyesha. Ukiwaona pamoja sokoni huwezi kujua.

Tulikwenda kwake na kilo moja ya unga wa mihogo, tukiwa na hotuba ya kuomba msamaha tayari mdomoni. Hakutungojea tuimalize. Akasema: «Yule mutoto wa shairi anaongea vizuri, sina ubishi naye. Lakini mama yake, nani anamuuliza kitu? Mimi wangu nilimuzaa. Wote wananiambia nilifanya vizuri. Hakuna hata mumoja aliniuliza: na wewe, ulikuwa unalala namna gani?»

Hatukuwa na jibu la ualimu. Tukamwuliza swali lile lile, kwa kuchelewa: ulikuwa unalala namna gani? Alituambia. Ilichukua mpaka giza. Hayo hatutayaandika.

Katika juma lile lile yule mama wa makamo naye alikuja nyumbani kwetu, akiwa na wasiwasi kwamba alimkosea mwenzake. Akatueleza kwamba alizika watoto wawili wachanga, wa mwisho akiwa na siku tisa. Kwake, sauti ya mtoto anayeomba kuishi ni sauti ambayo anaisikia usiku, na shairi lile ni la kwanza lililomwonyesha kwamba si yeye peke yake anayesikia. Alilia kwa sababu hiyo, si kwa sababu alitaka kumhukumu mtu.

Shairi moja, chumba kimoja, dakika zile zile. Mmoja alipewa sauti ya mtoto aliyempoteza. Mwingine alisikia kwamba hata ndani ya shairi, mama ni mtu wa kuambiwa tu. Wote wawili walisikia sawasawa. Waliokosea ni sisi, kwa sababu tulidhani huzuni ya wamama ni moja, na kwamba ukilipata shairi lake unaweza kuligawa kama unavyogawa sabuni.

Siku ya Posho ya tatu mama kijana alirudi. Aliketi karibu na yule wa makamo, sijui kama walipangana au hapana. Kabla kitabu hakijafunguliwa, akaomba aseme maneno yake mwenyewe, na sisi tuyaandike. Yalikuwa maneno ya mama anayemjibu mtoto. Mizani haikutimia, na hakuna aliyehesabu. Alipomaliza, mama wa makamo akampokea mtoto, akambeba mpaka mwisho wa kikao. Maneno yale yako ndani ya kaye ya kundi. Mwenyewe ameomba yasichapishwe katika gazeti letu, na yatabaki pale.

Kwa makundi yanayotaka kujaribu

Makundi matatu yametuomba kitabu. Tutakipitisha kwa zamu, kila kundi juma nne. Kabla hakijawafikia, haya ndiyo tuliyojifunza, baadhi kwa kuumia:

1. Anayeongoza asome shairi peke yake kwanza, siku moja kabla, akiwafikiria wamama atakaokaa nao, kila mmoja kwa sura yake. Kama shairi linagusa kifo cha mtoto, mimba, au jeuri juu ya mwanamke, awaambie wote mapema, ili asiyetaka asije, bila kueleza sababu.

2. Someni kwa sauti mara mbili, kisha nyamazeni kidogo. Msiulize kwanza «mshairi anataka kusema nini?». Ulizeni «umesikia nini?». Maana ya mshairi itakuja baadaye, na itakuwa na mahali pa kukaa.

3. Msilinganishe mateso. Yakianza, mzee wa kundi akate maneno.

4. Mtu akitoka, mmoja amfuate. Sisi tulibaki tumekaa, na tunajuta.

5. Shairi si dawa. Mama asiyelala, asiyekula, au anayesema anataka kufa, mpelekeni kituo cha afya, au kwa mshauri wa wenye majonzi, nanyi mfuatane naye. Na kwa mwanamke aliyebakwa, saa 72 za kwanza ni za lazima: ndani ya saa hizo ndipo dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinaweza kumsaidia. Msingoje kikao.

6. Yanayosemwa ndani ya duara yabaki ndani ya duara. Hata makala hii ilisomwa mbele ya wamama wote kumi na wanne kabla ya kuletwa hapa, na mistari mitatu waliyotaka iondolewe tuliiondoa.

Sasa tunajibu swali lenu la njiani, wamama wapenzi. Unga haukuongezeka kwa sababu ya mashairi. Minervali bado tunadaiwa. Mama wa Mulongwe bado anaangalia mto kila mvua inapoanza. Lakini mtu mmoja alifungiwa peke yake, mbali na sisi na zamani kabla wengi wetu hatujazaliwa, akaandika kwenye karatasi ya kutupa, na leo wamama wa Uvira wanamjibu, wengine kwa ndiyo na wengine kwa hapana. Tuliokuwa tukikaa pamoja juma kwa juma tukihesabu franka tu, tumejua sasa jirani yetu wa mkekani analala namna gani.

Siku ya Posho inayokuja tutasoma tena. Mwenye neno lake mwenyewe alilete. Mwenye kusikiliza tu, naye karibu. Mwenye kiti, tafadhali aje nacho.